Utoro wa Maji

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Shwarini kwenye ramani. Haimo, na wananchi wake wameambiwa kwamba hilo ni jambo la kujivunia. Ni nchi tulivu kupindukia. Ina Wizara ya Utulivu, ina Siku ya Utulivu inayoadhimishwa kwa watu kukaa kimya viwanjani, na ina jela kubwa ya watu ambao hawakuwa watulivu vya kutosha.

Katika nchi hiyo alikuwapo mjane aliyeitwa Bi Leokadia, mama mnene, mchangamfu, mwenye bwawa lake mwenyewe. Lisikupitikie wazo la bwawa la umeme. Lilikuwa bwawa dogo la starehe. Marehemu mumewe, daktari wa meno aliyechoka kutazama vinywa vya watu, alikiziba kijito kati ya vilima viwili kwa tuta la udongo, akanunua boti za kukanyaga kwa miguu zenye vichwa vya bata, akajenga banda la chipsi, kisha akafa kwa amani akiwa ameketi katika moja ya boti hizo. Jumapili familia zilitoka mjini kuja kupunga upepo. Watoto walipiga kelele, baba zao walijifanya wanajua kuvua samaki, na Bi Leokadia alipita huku na huku akisalimia kila mtu kana kwamba wote ni wageni wa harusi ya mwanawe.

Mumewe alimwachia na kazi. Tuta la udongo halijitunzi. Lazima mtu alitembelee mara kwa mara, afukie mashimo ya fuko, ang'oe miche ya miti kabla mizizi haijazama, na asafishe utoro. Utoro, kwa asiyejua, ni mfereji mpana ulio pembeni mwa tuta. Mvua zikizidi na bwawa likijaa, maji ya ziada hutokea hapo na kwenda zake chini kwenye kijito, badala ya kupanda juu ya tuta na kulimega. Ndilo jina lake, hata mafundi wa mabwawa hulitumia, na mpaka siku za kisa hiki halikuwa limemkosesha mtu usingizi.

Chini ya bwawa, kandokando ya kijito, kilikuwapo kitongoji cha Mabondeni. Huko alikaa rafiki yake Bi Leokadia aitwaye Mwasiti, aliyekuwa akiwakaangia samaki wageni wa Jumapili, na watu wengine wengi ambao kila asubuhi walifungua milango yao wakaliona tuta limesimama juu yao kama ukuta wa nyuma wa nyumba.

Basi asubuhi moja Bi Leokadia alikuwa akipita chini ya tuta na shemeji yake Tindwa, mdogo wa marehemu, aliyekuwa mtunza boti. Kiatu chake kikazama.

"Shemeji, jana hapa palikuwa pakavu," alisema.

Tindwa alichuchumaa, akashika udongo. Ulikuwa tope. Maji membamba yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye tuta lenyewe, na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Linavuja," alisema Tindwa. "Na maji yanatoka na udongo wake."

"Basi tuite mafundi."

"Tutaitaje mafundi? Sheria inasema bwawa lisiguswe mpaka mwenyewe atoe taarifa kwa Kamishna."

Bi Leokadia alikuwa raia mwema. Alivaa gauni lake la kanisani, akaenda mjini.

*

Kamishna wa Utulivu wa Maji Yaliyosimama, Mheshimiwa Filemoni Ngoda, alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye meza kubwa isiyo na kitu juu yake. Alimkaribisha mgeni vizuri, akamwagizia soda.

"Mheshimiwa," alisema Bi Leokadia, "nimekuja kutoa taarifa. Bwawa langu linavuja."

Kamishna alinyanyuka taratibu, akafunga mlango, akafunga dirisha, akarudi kuketi.

"Limevujisha nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maji, Mheshimiwa."

"Kwa nani?"

"Kwa... yanatoka tu chini ya tuta. Yanaelekea Mabondeni."

"Mama, naomba tuelewane. Katika Jamhuri hii hakuna kinachovuja. Mitihani haivuji, vikao havivuji, na paa la Ikulu lilipokuwa likidondosha maji tulisema linanyunyiza. Kuvujisha ni kosa la miaka mingi. Sasa wewe unakuja ofisini kwangu, umevaa vizuri, unakunywa soda ya serikali, unaniambia una bwawa zima linalofanya hivyo waziwazi?"

Bi Leokadia aliweka chupa chini. "Nisemeje, Mheshimiwa?"

"Usiseme. Tutakuja kuangalia."

Walikuja na msafara wa magari, bendi ya tarumbeta, mpiga picha, na injinia mmoja kijana aliyevaa kofia ngumu ya manjano ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Bi Leokadia aliwapeleka moja kwa moja kwenye tope. Injinia alilitazama tope, akamtazama Kamishna, akalitazama tope tena. Uso wake ulionyesha kwamba chuoni alikuwa amesoma, na kwamba alikuwa na mke na watoto.

"Ni jasho," alisema mwishowe.

"Eleza kitaalamu," alisema Kamishna.

"Bwawa hili linafanya kazi kubwa ya kuzuia maji bila kupumzika, Mheshimiwa. Chombo chochote kinachofanya kazi kwa bidii hutokwa na jasho. Huu ni uzalendo wa tuta."

Bendi ilipiga wimbo mfupi. Mpiga picha alimpiga picha Kamishna akiwa amekanyaga jasho la bwawa. Bi Leokadia alifungua mdomo, Tindwa akamkanyaga mguu, akaufunga.

Mambo yangeishia hapo, na pengine yasingekuwa mabaya sana, kama Kamishna asingeona mfereji wa pembeni.

"Na hiki nini?"

"Hicho ni utoro, Mheshimiwa," alijibu Bi Leokadia, akishukuru kupata angalau swali la maana. "Bwawa likijaa, maji ya ziada yanapita hapo."

Hata bendi ilishusha tarumbeta.

"Yanatoroka?"

"Ndilo jina lake tu. Yanatoka kwa utaratibu."

"Mama," alisema Kamishna, na sasa alikuwa amegeuka kumtazama mpiga picha ili upande wake mzuri uonekane, "nchi hii imepigana na utoro kwa miaka mingi. Tumekomesha utoro mashuleni kwa kufuta mahudhurio. Tumekomesha utoro maofisini kwa kuwahesabu watumishi wakiwa kwao. Leo ninakuta mtu binafsi, kwa mikono yake, ameyajengea maji njia rasmi ya kutorokea. Yakitoroka maji leo, kesho atatoroka nani?"

Lilikuwa swali la kupigiwa makofi, nayo makofi yakapigwa.

Kabla jua halijageuka, mafundi wa wizara walikuwa wamejenga ukuta wa tofali na saruji katikati ya utoro, wakauziba kabisa. Juu ya tuta viongozi walipanda miti ya kumbukumbu, kila mmoja wake, miti ile ile ambayo marehemu daktari alikuwa akiing'oa. Kisha Bi Leokadia akakabidhiwa cheti chenye fremu ya dhahabu, kinachotamka kwamba bwawa lake ni salama, limekaguliwa, na kwamba atakayetilia shaka usalama wake atashughulikiwa.

Alipokuwa akishikana mkono na Kamishna alisema polepole, "Mheshimiwa, mvua zikija, maji yatapita wapi?"

Kamishna alitabasamu kwa ajili ya picha. "Yatatulia," alisema.

*

Mvua zilikuja, na hazikuwa zimepata waraka wa wizara.

Zilinyesha mchana zikapumzika jioni, zikanyesha tena asubuhi. Bwawa lilipanda. Boti za bata zikaelea karibu na banda la chipsi, kisha zikaanza kugonga mlango wake. Chini ya tuta, jasho likawa kijito chembamba, na rangi yake ikazidi kuiva. Miti ya kumbukumbu ilistawi vizuri sana. Mizizi yake ilikuwa imepata mahali pa kunywea.

Bi Leokadia alichukua nyundo, akamwamsha Tindwa aliyekuwa amejilaza barazani, wakaenda kuubomoa ule ukuta. Wakakuta askari chini ya mwavuli.

"Shikamoo mama," alisema askari.

"Marahaba, baba. Tupishe tufanye kazi."

"Siwezi, mama. Nimewekwa niulinde."

"Unaona maji yalipofika?"

Askari aliyatazama. Yalikuwa yamebakiza kama kimo cha mtoto kufika juu ya tuta. "Nayaona," alisema kwa huzuni. "Lakini niliambiwa niulinde ukuta. Maji hayako kwenye amri yangu."

Bi Leokadia alipogeuka alimkuta Mwasiti, amejifunika kanga mbili kichwani, amelowa mpaka miguuni.

"Leokadia, niambie ukweli. Tuhame?"

Hilo nalo halikuwa swali dogo. Shwarini mtu akihama nyumba kwa sababu ya hofu huhesabika kuwa ameeneza hofu, na kila anayemwona amebeba godoro huhesabika kuwa ameipokea. Mwaka uliopita familia moja iliyokimbia moto ilishtakiwa, na ushahidi mkubwa ulikuwa kwamba walikuwa wakikimbia.

"Hameni," alisema Bi Leokadia.

"Nilijaribu kumpeleka mama mkwe kwa dada yake jana. Tukarudishwa njia panda. Wakatuuliza tunakwenda wapi na kitanda. Nikasema tunakipeleka kukitembeza. Wakasema kitanda hakitembezwi wakati wa mvua." Mwasiti alisema hayo bila kucheka. "Wewe ndiye mwenye bwawa. Fanya kitu."

Bi Leokadia hakulala kitandani kwa raha tangu hapo. Alikuwa akiyaona maji kila afumbapo macho, na chini ya maji aliuona mlango wa Mwasiti ukiwa wazi, sufuria za samaki zikielea. Alimkasirikia mumewe kwa kujenga bwawa. Alijikasirikia mwenyewe kwa kuvaa gauni la kanisani na kwenda kutoa taarifa. Angeita mafundi kimyakimya, wangemaliza kazi na hakuna ambaye angejua. Alikaa jikoni, redio ikiwaka, na redio ikawa inasimulia habari ya kila siku: Mheshimiwa Waziri fulani amefanya ziara ya kikazi mkoani, barabara zimefungwa, shule zimefungwa, wananchi wametoka majumbani na kujipanga kandokando ya barabara tangu alfajiri kumlaki.

Bi Leokadia alizima redio, akachukua mwavuli.

*

"Mheshimiwa," alisema akiwa ameketi mbele ya ile meza tupu, "nimekuja kwa jambo la kizalendo."

"Nakusikiliza, mama."

"Maji ya bwawa langu yameishi sehemu moja miaka yote. Yanaheshimiwa, yana cheti, lakini hayawajui wananchi. Nimeona si vizuri. Nikasema, yafanye ziara."

Kamishna aliweka viganja vyake juu ya meza. "Ziara."

"Ziara ya kikazi, wilaya za chini. Yatoke bwawani kwa heshima, yapite Mabondeni, yaende mpaka mtoni, yasikilize kero."

"Na yatatokea wapi?"

Hapo ndipo Bi Leokadia alipojikaza. "Kwenye lango la heshima, Mheshimiwa. Pale pembeni. Lina ukuta, lakini ukuta unaweza kuzinduliwa."

"Kuzinduliwa kwa kubomolewa."

"Utepe hukatwa, Mheshimiwa. Ukuta nao una namna yake."

Nje mvua ilikuwa ikipiga bati la ofisi kwa nguvu kiasi kwamba walilazimika kusogeza viti. Bi Leokadia alitarajia kengele ibonyezwe, askari waingie. Badala yake Kamishna alisafisha koo.

"Ziara haiwezi kukosa mapokezi," alisema. "Itabidi wananchi wote wa Mabondeni watoke majumbani."

"Wote, Mheshimiwa."

"Hata wagonjwa na wazee. Ni amri. Na hawawezi kusimama bondeni. Mgeni wa heshima hapokelewi kwa kutazamwa kutoka chini. Wasimame kilimani, kule juu kwenye njia ya mbuzi, wapunge mikono."

"Nilikuwa nafikiria hivyohivyo."

"Na waje na zawadi. Kila mtu aje na kitu chake cha thamani." Alikohoa tena. "Kikubwa kidogo."

Bi Leokadia alimtazama. Uso wa Kamishna ulikuwa umetulia kama cheti. "Lini, Mheshimiwa?" aliuliza.

"Kesho asubuhi. Ziara haingoji."

Alisema hivyo akiwa ameinuka tayari, anatafuta kofia yake.

*

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu walipokusanyika. Kilimani palijaa. Watu wa Mabondeni walikuwa wamekuja na zawadi: vitanda, majiko, mashine za kushonea, milango iliyong'olewa na bawaba zake, kuku ndani ya matenga, mbuzi, na bibi mmoja aliyebebwa kitini akiwa na bendera ndogo mkononi na sufuria kichwani. Mpiga picha alishangaa ukarimu wao. Bendi ilipiga wimbo wa taifa. Kamishna alisoma hotuba ndefu kiasi, akaikata katikati, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona katika historia ya Shwarini, kisha akaamuru ukuta uzinduliwe.

Tindwa na wanaume wengine waliupiga kwa nyundo. Yule askari aliyekuwa akiulinda aliomba apewe nyundo naye, akapewa, na hakuna aliyeupiga kwa hamu kuliko yeye.

Maji yalitoka kwa aibu mwanzoni. Kisha yakaona njia. Tofali zilizobaki ziliondoka zote pamoja kwa kishindo, na utoro ukajaa mpaka kingoni, maji ya kahawia yakikimbia kuelekea kijitoni kwa ngurumo iliyozima tarumbeta. Watu walipunga bendera. Magari ya msafara, yaliyokuwa yatangulie mbele ya mgeni huku yanapiga ving'ora, yalifanya uamuzi wa busara wa kumfuata kwa mbali, kutoka kilimani.

Bi Leokadia hakuwa anatazama msafara. Alikuwa amesimama ukingoni akitazama tuta. Bwawa lilishuka polepole. Boti za bata zililiacha banda la chipsi zikakaa kwenye matope. Likashuka tena. Jua lilikuwa limefika utosini pale sehemu ya tuta iliyolowa ilipoachia. Haikuanguka kwa kishindo. Ilikaa tu chini, kama mtu mzima aliyechoka, na miti ya kumbukumbu ikalala nayo, na maji yaliyokuwa yamebaki bwawani yakapita juu yake yakaelekea Mabondeni moja kwa moja.

Yalichukua banda la kukaangia samaki la Mwasiti. Yalichukua daraja la miti. Nyumba za chini yaliziingia hadi madirishani, yakazijaza tope, yakatoka kwa upande wa pili na kuta mbili tatu. Kilimani hakuna aliyepunga tena. Mama mmoja aliyekuwa na bendera aliishusha akaishika kifuani, akawa anawahesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa.

Walikuwapo wote. Hata kuku.

Redio ilitangaza jioni hiyo kwamba ziara ya maji imefana, kwamba yalipokelewa na umati, kwamba yaliguswa mno na mapokezi kiasi cha kuingia nyumba kwa nyumba kusalimia. Wizara iliyapa siku chache za mapumziko kabla ya kurejea kituo chao cha kazi. Yalipokosa kurejea, ulitolewa waraka wa kuyataka yajieleze.

*

Mwasiti na Bi Leokadia walikuwa wakizoa tope kwa mabeleshi katika kilichobaki cha nyumba ya Mwasiti, sketi zimekunjwa, wakati Bi Leokadia aliposema lililokuwa likimkera.

"Ninachoshangaa ni vile mlivyokubali. Nilidhani tutalazimika kuwabembeleza."

Mwasiti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kukubali nini? Ulidhani tunapokea maji? Leokadia, mimi ningeambiwa nipande kilimani kumpokea nzige ningepanda. Tulichokuwa tunangoja ni mtu wa kutupa ruhusa." Alimwaga tope dirishani. "Tena tulijua kabisa siku zinahesabika. Tuliona mama yake Kamishna anahamishwa."

Bi Leokadia alisimama. "Mama yake nani?"

"Si anakaa ile nyumba ya pale, iliyobaki msingi? Alifuatwa na gari la serikali kabla hata mimi sijaja kwako na zile kanga. Na kitanda chake. Kitanda hicho hakikuulizwa kinakwenda wapi."

Siku hiyohiyo Kamishna alikuja, amevaa viatu vya mpira vipya. Alikuwa ameteuliwa kuwa Naibu Waziri kwa ubunifu wa ziara, na alikuja kumpa Bi Leokadia cheti kingine. Bi Leokadia alitoka nje, lakini hakukipokea. Mikono yake ilikuwa na tope, na hakujipangusa.

"Mama yako hajambo?" aliuliza.

Kamishna alielewa papo hapo. Aligeuka kumwambia dereva asubiri garini, kisha akabaki ameshika cheti kwa mikono miwili.

"Hajambo, anakusalimu."

"Ulijua tangu lini, Mheshimiwa?"

"Tangu uliposema linavuja." Alisema hivyo kwa upole wake uleule. "Mimi si mjinga, Bi Leokadia. Nilimchukua mama yangu kwa sababu mama niliweza kumchukua bila kusema neno. Hao wengine nisingeweza kuwachukua bila kulisema."

"Kwa hiyo hao wengine?"

"Hao nilikuwa nakungoja wewe."

"Na kama nisingekuja?"

Kamishna alitazama msingi wa nyumba ya mama yake, ambapo bata mmoja wa plastiki, kichwa bila boti, alikuwa amekwama kwenye matope. Safari hii hapakuwa na mpiga picha.

"Ungekuja," alisema.

Alikiweka cheti juu ya jiwe, akakanyaga kwa uangalifu mpaka garini, akaondoka. Bi Leokadia alibaki amesimama mpaka sauti ya gari ilipopotea. Kisha Mwasiti akamwita kutoka ndani, akisema tope la chumbani linaanza kukauka na likikauka halitatoka, naye akashika beleshi akaingia.